Injini ya Magu

Baba alipofariki, gari lake tuligawana kama ng'ombe. Sisemi hivi kwa kuchekesha. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa uani kwetu Kisesa kugawa vitu vyake, na walipofika kwenye gari wakakwama. Ng'ombe walikuwa wamegawanywa bila maneno mengi, mashamba kwa maneno kiasi, lakini gari lilikuwa moja na nyumba zilikuwa mbili. Kulikuwa na sisi wa Kisesa, watoto wa mama yangu, ambaye baba alifunga naye ndoa kanisani. Na kulikuwa na wale wa Magu, watoto wa mwanamke aliyemwoa mapema zaidi, kwa mahari ya ng'ombe, kabla hajabatizwa. Kuliuza gari walikataa kwa sababu marehemu alikuwa amesema lisiuzwe. Basi baba mdogo, aliyeongoza kikao, akasema jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kabisa.

"Tukichinja ng'ombe, wajomba wanajua nyama yao, shangazi anajua yake. Kwani hili lina nini?"

Akaitwa fundi kutoka gereji ya barabarani. Injini ikatolewa na kupelekwa Magu. Viti viwili vya mbele akapewa shangazi. Magurudumu alichukua baba mdogo, na baadaye akayafunga kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, rimu zake za aluminiamu ziking'aa nyuma ya mafahali wawili wenye matope. Bodi ilibaki kwetu, nyuma ya jiko, juu ya matofali. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu na nilimshikia fundi spana. Sikumbuki mtu yeyote aliyecheka. Mchana ule jambo lile lilionekana la haki, na mpaka leo sijui wangefanya nini kingine.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la milango miwili, pua ndefu na mkia mfupi, rangi ya papai lililoiva. Baba alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba, mgeni aliyependa mashindano ya magari kuliko alivyopenda pamba. Alilileta gari lile kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Mwanza, na mkataba wake ulipokwisha akaona gharama ya kulirudisha inamshinda. Akamwachia baba. Watu walisema kapewa ukoma, kwa sababu spea zake hazikupatikana hata Nairobi. Baba akajifunza kulitunza mwenyewe. Alilifungua na kulifunga mara nyingi, lakini hakuwahi kubadilisha kitu ambacho angeweza kukisafisha.

Kiti cha nyuma kilikuwa cha kuwekea koti. Sisi tulikaa wanne. Gari lilikuwa chini mno, kiasi kwamba ukiwa ndani ulichoona dirishani ni magoti ya watu, baiskeli kuanzia pedeli kushuka, na mbuzi uso kwa uso. Jumapili tulikwenda nalo kanisani. Siku nyingine baba alitupeleka ziwani kuliosha, na alipokwisha kulifuta alikaa juu ya jiwe akalitazama tu, sisi tukicheza majini, na ilibidi tumwite mara kadhaa ndipo akumbuke kwamba tupo. Jumamosi nyingine lilielekea mashariki, barabara ya Magu, na siku hizo hakuna mtoto aliyepakiwa. Mama aliendelea kupepeta mchele wake mpaka mlio wa injini uishe kabisa kusikika. Ndipo alipoinuka na kwenda kufanya kazi nyingine.

Mimi sikukaa sana pale. Nilimaliza kidato cha nne, nikafanya utingo kwenye malori ya samaki, nikaenda Geita kwenye machimbo, nikavuka Bukoba, nikarudi, nikakaa Ukerewe miaka miwili nikiuza simu, nikaenda Musoma kwa sababu ya mwanamke na nikatoka Musoma kwa sababu hiyohiyo. Kila mji nilioufikia niliupenda kwa msimu mmoja. Baada ya hapo nilianza kukumbuka mji niliotoka, na nikikumbuka sana naanza kufunga mizigo. Nilipofika arobaini nilirudi Mwanza, nikafungua kibanda Mkuyuni cha kuuza spea za magari yaliyokatwa: taa, vioo, milango, pampu za maji. Wateja wote wanauliza swali moja, kama ni orijino, na sisi wote tunajibu ndiyo. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu, lile neno ndiyo linakuchosha kuliko kubeba milango.

Ni pale kibandani alipokuja yule dada wa Arusha. Alikuwa dalali wa magari ya zamani, mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni na viatu vya mtu anayetembea sana. Alikuwa anatafuta taa ya nyuma ya gari la baba. Hakujua kwamba ni la baba. Alikuwa na picha kwenye simu ya gari la namna ileile lililokuwa Nairobi, akiuliza vibandani kama kuna mtu aliyewahi kuliona.

"Hili ninalo," nikamwambia.

"Taa unayo?"

"Gari ninalo."

Alinitazama kama mtu aliyedanganywa mara nyingi na ambaye hana tena nguvu ya kukasirika. "Kaka, nimetoka Shinyanga asubuhi. Usinitanie."

Nilimpeleka Kisesa siku ileile. Mama alimpa kigoda na maji, akakaa mlangoni kutazama. Yule dada alitoa sumaku ndogo iliyovishwa kitambaa, akaitembeza kwenye bodi pole pole, kwenye milango, matao ya magurudumu, chini ya vizingiti. Pale sumaku iliponata alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alitaka kujua kama kuna puti, yaani kama kuna mahali bati lilioza likazibwa na kupakwa rangi juu. Hapakuwa na puti. Rangi ilikuwa imefifia, paani imebakia kama vumbi, na kutu ilikuwa imekula pembe za milango. Mimi niliona aibu nikasema ningeweza kulipiga rangi kabla hajaleta mnunuzi.

"Ukiligusa na brashi nakwenda zangu," alisema. "Kutu ya kweli naweza kuiuza. Rangi mpya inanifanya nianze kueleza, na nikianza kueleza bei inashuka."

Alinifundisha mambo ambayo mimi muuza spea sikuyajua. Matajiri wanaokusanya magari haya hawanunui gari linalotembea vizuri. Wananunua gari ambalo halijabadilishwa. Kioo chenye alama ya kiwanda, hata kikiwa na ufa, wanakipenda kuliko kioo kipya. Kitambaa cha kiti kilichochanika wanakipenda kuliko ngozi ya jana. Na juu ya vyote, injini. Nyuma ya mahali pa injini, ndani ya boneti, kuna kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye bodi, kimeandikwa namba ya bodi na namba ya injini iliyozaliwa nayo. Injini ikiwa ileile, gari ni gari. Injini ikiwa nyingine, hata ya kampuni ileile, hata ya mwaka uleule, unauza bodi.

"Injini iko wapi?" aliuliza.

"Magu."

"Kwa fundi?"

"Kwa ndugu zangu." Nikamweleza mgawo. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Na magurudumu?"

"Yako kwenye mkokoteni."

Hapo ndipo alipocheka, mara moja tu, kisha akataja bei mbili: moja ya gari likiwa kamili na vitu vyake vyote, nyingine ya bodi peke yake. Ya pili ilikuwa pesa ya kawaida. Ya kwanza nilimwomba airudie.

Nieleze kwa nini nilimwomba airudie. Igombe, kule kaskazini ambako ziwa linaingia kati ya mawe, kuna mtu aliyekuwa anauza kiwanja chenye nyumba ndogo iliyofika kwenye lenta. Nilikuwa nimeiona mara nyingi. Nilikwenda Jumapili, nikakaa ndani ya chumba kisicho na paa, nikatazama maji kupitia tundu la dirisha, nikapanga kitanda kitakaa wapi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimepata mahali ambapo sikuwaza pengine. Mwenye nyumba alikuwa tayari kunisubiri, si kwa muda mrefu. Bei ile ya kwanza ingenunua nyumba ile, ingeiezeka, na bado mama na wale wa Magu wangepata fungu lao. Neno la baba kwamba gari lisiuzwe lilikuwa limezeeka, nami sikulikumbusha. Na mnunuzi wa yule dada, aliyekuwa nje ya nchi, alikuwa na gari jingine la kufikiria. Alitaka jibu kabla mwezi haujaisha.

Viti havikunisumbua. Shangazi alikuwa amevikalia sebuleni kwake kwa miaka yote hiyo, vimefungwa kwenye mbao, na alikubali kubadilishana na kochi la watu watatu. Baba mdogo naye alikuwa amezeeka, na rimu zake alizitoa baada ya kunitukana kidogo. "Mlininyima injini," alisema, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyegawa. Ilibaki Magu.

Kaka yangu wa Magu ni mtoto wa kwanza wa baba. Analima mpunga na kununua wa wenzake, mtu mkubwa, mtaratibu, mwenye baba usoni kuliko mimi. Tulikuwa tunasalimiana kwenye simu wakati wa misiba. Nilimpigia, nikamweleza kila kitu bila kuficha bei. Akasema subiri. Baada ya muda ikaja picha kwenye simu: bloku la injini, safi kama limetoka dukani, na namba imesomeka vizuri, tarakimu zote. Niliituma Arusha. Yule dada alipiga saa hiyohiyo, akiongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu anayesikiliza.

"Kaka, ndiyo yenyewe. Inalingana na kibati. Usimwonyeshe mtu mwingine."

Nikampigia kaka tena. Nilimkuta ametulia vilevile.

"Mimi sina neno, mdogo wangu," alisema. "Pesa tunaihitaji sote. Ila hii kitu alipewa mama. Mama mdogo aje mwenyewe, amwombe mama. Akimwomba, ichukueni."

"Mama ana miguu mibovu, kaka. Siwezi kuja mimi kwa niaba yake?"

"Wewe ulimkosea nini?"

Nilijua anasema nini. Kwenye msiba wa baba, mama mkubwa alikuja kutoka Magu na wanawe, na alipoingia chumba walichokalia wanawake, mama yangu hakumpisha kwenye mkeka wa wajane. Hakumtukana. Alikaa tu katikati, na dada zake wakajaza pande zote, na yule mama akasimama kidogo, kisha akatoka akakaa nje na majirani waliokuja kutoa pole, kwenye msiba wa mume wake. Watu wote waliona. Siku zile nilidhani ni mambo ya wanawake. Sisi nyumbani tulikatazwa hata kumwita mama mkubwa. Tulisema yule wa Magu.

Mama nilimkuta anachambua dagaa. Nilimweleza. Hakuacha kuchambua.

"Niende kuomba kitu cha mume wangu?"

"Ni kuomba tu, Mama. Sentensi moja."

"Sentensi moja. Basi kaiseme wewe uliyesoma."

"Wanataka wewe."

"Wanataka nipige magoti."

"Hawajasema magoti."

"Wewe hujui kitu," alisema, akanisogezea sinia la dagaa. "Toa mawe."

Nilikwenda Kisesa jioni karibu zote za wiki ile. Sikumbembeleza kwa maneno, nilikaa tu. Nilimwambia habari za nyumba ya Igombe, dirisha lake, na chumba ambacho angelala akija. Alisema maji ya Igombe yana mbu. Nilimwambia nimechoka kuhama. Aliniuliza nani aliyenituma kuhama. Yule dada wa Arusha alikuwa ananitumia ujumbe kila asubuhi, mfupi: vipi kaka. Nilikuwa nimeanza kuogopa mlio wa simu.

Kisha asubuhi moja mama alinipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hulifanya simu yake inapomsumbua tu. Alisema, "Tafuta gari. Tunakwenda Magu." Nilipofika nikamkuta amevaa kitenge cha Jumapili, ana sukari kwenye mfuko na doti ya khanga iliyokunjwa na plastiki yake. Barabara ilikuwa imejaa watu wa mnadani, ng'ombe wakivushwa, viazi vimepangwa mafungu pembeni, na yeye alitazama nje kwa upande wake kama mtu anayepelekwa hospitali.

Kaka alitupokea nje. Ndani, mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, mwanamke mwembamba, mweusi, macho yake yameanza kuwa na ukungu. Pembeni yake, kwenye kona, kulikuwa na kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake redio na chombo cha maua ya plastiki. Chumba kizima kilinukia samli.

Mama alisimama mlangoni. Mama yangu tangu aolewe aliambiwa yeye ndiye mke, na hajawahi kumpa mwanamke yule shikamoo, ingawa ni mkubwa kwake kwa miaka mingi. Alisogea mpaka karibu na kiti, akaanza kushuka. Alishuka kwa vipande, mkono mmoja kwenye ukuta, mpaka magoti yake yote yakafika sakafuni.

"Shikamoo, dada."

Nilisikia kuku nje.

"Marahaba," alisema mama mkubwa. Kisha akainama kumtazama. "Mbona umezeeka hivi?"

"Na wewe je."

"Mimi nilizeeka zamani. Nyanyuka."

"Siwezi," mama alisema. "Niliweza kushuka tu."

Kaka na mimi tukamshika kila mmoja mkono, na tulipokuwa tunamwinua mama mkubwa alianza kucheka, kicheko kikavu cha bibi, na mama akamwambia acheke vizuri maana zamu yake inakuja. Walihamia Kisukuma na kukaa humohumo. Waliulizana habari za watu waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine, kama wanaohesabu mifugo jioni. Tukaletewa wali na kuku, na maziwa ya mgando. Doti ya khanga ilipokelewa, ikatazamwa, ikasifiwa rangi. Wakati wote huo kaka alikuwa ananitazama, nami nilikuwa namtazama mama, nikingoja ile sentensi.

Tulipokwisha kunawa, mama akaelekeza kidevu kwenye kona. "Ndicho hicho?"

"Ndicho," alisema mama mkubwa. Akamwambia kaka aondoe redio na kitambaa.

Nimeuza injini nyingi, na sijawahi kuona iliyokaa hivyo. Chuma kilikuwa na rangi ya asali. Kila boliti ilikuwa safi, kila tundu limezibwa kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Hata kabureta zilikuwa zinang'aa. Nikaona kibati cha Kisesa akilini, na namba hizi, na ukuta wa Igombe wenye tundu la dirisha.

"Unakipaka nini?" mama aliuliza.

"Samli."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Kilipoletwa kilikuwa kichafu, nikakipangusa. Kikakauka, nikaona kinaanza kutu. Nikapaka samli, kama ngozi. Tangu hapo nikikumbuka napaka."

"Miaka yote hii?"

"Ndicho walichonipa."

Mama aliitazama injini. Kisha akasema, "Walikupa, mimi nimekaa pale."

"Ulikuwa umekaa mkekani."

"Ndiyo. Nilikuwa mkekani."

Niliona ndiyo nafasi yenyewe, mlango umefunguliwa wazi, na kilichobaki ni kuingia. Nikakohoa.

"Una kifua?" mama aliniuliza.

"Hapana."

"Basi tulia." Akainuka kwa kushika meza, akasogea mpaka kwenye injini, akaipitishia mkono upande wa ukutani ambako nuru haifiki. Akavitazama vidole vyake. "Huku nyuma pana kutu inaanza," alimwambia mama mkubwa. "Hufiki?"

"Sifiki tena. Mgongo."

"Mwambie mwanao aivute isogee mbele. Upake na huku."

Kisha akauliza ni saa ngapi, akasema jua linakwenda, tunashukuru kwa chakula. Kaka aliniangalia. Mimi nilitazama mabati.

Tulipoipita minara ya kiwanda cha pamba nilishindwa kujizuia.

"Mama, hukuomba."

"Sikuomba."

"Ulisema utaomba."

"Nilisema nitakwenda."

Nilikuwa na hasira iliyochoka, ile isiyo na nguvu ya kupiga kelele. Dereva aliwasha redio, kisha akaizima. Tulikuwa tunakaribia Kisesa ndipo mama aliposema tena, bila kunigeukia.

"Yule nilimnyima mkeka. Watu wakaona. Alitoka pale na chuma kile, basi. Nikikichukua, akiulizwa alikuwa nani kwa marehemu atajibu kwa kuonyesha nini?"

"Ana watoto, Mama. Kaka anafanana na baba kuliko sisi."

"Watoto hata wa nje wanafanana."

"Na nyumba yangu?"

"Wewe utapata kingine cha kutaka. Tangu ukiwa mdogo una kitu cha mbele huko."

Hilo liliniuma kuliko kukosa pesa, kwa sababu alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja rangi ya macho yangu.

Yule dada wa Arusha nilimpigia asubuhi. Nilimwambia injini haipatikani.

"Imeuzwa?"

"Haijauzwa. Ipo pale pale."

"Imepasuka?"

"Ni nzima. Mwenyewe hatoi, na mimi sitamwomba tena."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Kaka, nimekuta magari haya yamegeuzwa mabanda ya kuku. Nimekuta moja limezikwa kuzuia maji ya mto. Lakini hili lako lina kila kitu." Alinipa bei ya bodi na viti na rimu, bei ya huruma, nikamwambia nitamjulisha. Sikumjulisha. Mwezi ulipokwisha alinitumia picha ya gari jingine, jekundu, likipakiwa kwenye kontena bandari fulani, na chini yake ameandika pole. Nadhani alimaanisha.

Nyumba ya Igombe ilinunuliwa na mtu wa mabasi. Nilikwenda mara moja nikakuta wanaezeka, bati la bluu, na dirisha lile limewekwa nondo. Mafundi walinisalimia wakidhani natafuta kazi.

Mama sasa anataka kupelekwa Magu kila baada ya muda. Anapeleka dagaa, anarudi na mchele. Wanagombana kuhusu nani anapika vizuri na nani alikuwa wapi mwaka wa njaa, na kaka ameisogeza injini katikati ya chumba ili bibi zetu hawa wafike pande zote. Mimi ndiye dereva. Nimezunguka ziwa hili karibu lote kwa kutaka mwenyewe, na sasa njia ninayoijua kila shimo lake ni hii fupi ya Kisesa na Magu, ninayokwenda kwa kutumwa.

Mara ya mwisho nilikaa nje na kaka wakati wao wakiwa ndani. Alikuwa anatengeneza jembe. Aliniuliza kama bado nina hasira. Nikamwambia nimechoka tu.

"Ungeipata ile nyumba," alisema, "ungekaa?"

"Ningekaa."

"Kwa muda gani?"

Nilitaka kumjibu haraka, nikaona siwezi. Yeye hakunisukuma. Aligonga jembe mara kadhaa mpaka likakaa kwenye mpini, akalinyanyua kulijaribu, kisha akaniambia kuna chumba upande ule alichokuwa anawekea mpunga, kitupu sasa, kama safari nyingine sitaki kurudi usiku.

Nikamwambia nitafikiri. Na kweli ninafikiri.